Malalamiko Kuhusu Nesi Aliyekataa Kugombana Nami

Kwa Mganga Mkuu,
Kituo cha Afya, hapa hapa mtaani.

Ndugu Mganga Mkuu,

Natumaini u mzima na kazi zinakwenda. Mimi pia ni mzima wa mwili, ila moyoni si salama, na sababu ni kituo chako. Mimi ndiye kinyozi wa pale kona, mkabala na duka la vifaa vya ujenzi. Wewe hunifahamu, maana kwa hali ya kichwa chako ni wazi unanyolewa kwingine. Hilo nimeshakusamehe.

Barua hii inahusu chanjo ya wasichana, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, inayotolewa na watu wako shuleni. Binti yangu ana miaka kumi na minne. Shule ilimpa fomu ya ridhaa ailete nyumbani nitie saini. Nikakataa, kama mzazi mwenye haki zake. Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, na ninayaeleza kwa utaratibu ili usije ukasema nimepandwa na hasira.

1. Nesi wako, yule wa miwani, alikataa kugombana nami. Nilijiandaa vya kutosha, Mganga Mkuu. Nilifunga saluni mapema, nikavaa shati ninalovaa kwenye harusi, nikamchukua mteja wangu dereva wa lori awe shahidi, tukaja kituoni kwako. Kwenye fomu nilikuwa nimeandika sababu zangu mpaka nafasi ikaisha, nikageuza nyuma nikaendelea. Nesi akasoma zote, mbele na nyuma, kisha akasema, "Sawa baba, ni haki yako. Ukiwa na swali lolote tupo, na ukibadili mawazo mlete hapa kituoni, ila mwisho ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi." Halafu akaenda kumpima uzito mtoto wa mtu mwingine! Hakunibeza, hakunitisha, wala hakuniita mjinga. Nikabaki nimesimama na hotuba yangu kooni, huku dereva wa lori akinitazama kama mtu aliyepotezewa muda. Mimi kila siku watu wananiachia koo zao na wembe wangu bila kutia saini popote, na wananiamini kwa sababu tunabishana. Nesi asiyebishana ataaminiwaje?

2. Sababu zangu zilikuwa nzito. Habari nilizonazo ni kwamba msichana akichanjwa huota ndevu. Usidhani mimi ni mtu wa kudandia maneno ya mitaani, mimi nachunguza. Asubuhi moja nilipokuwa nikimnyoa fundi bomba, nilimuuliza, kupitisha muda tu, hivi hii chanjo haiwezi kweli kuotesha ndevu? Hakujibu, kwa kuwa wembe ulikuwa kooni. Jioni ya siku hiyo hiyo akaja mwalimu mstaafu, ambaye hajazungumza na fundi bomba tangu ule ugomvi wao wa bomba la choo, akanieleza habari ile ile, tena kwa kirefu, na kwamba kuna msichana wa mtaa wa pili ameshaanza na sharubu. Watu wawili wasiosalimiana, habari moja! Kama huo si uthibitisho, basi sijui wenzenu wa maabara wanafanya kazi gani.

3. Naomba ieleweke kwamba sikukataa kwa maslahi. Shule nzima ya wasichana wenye ndevu, kwa kinyozi, ni neema. Nilikuwa nimeshanunua kiti cha tatu na kukiwekea pazia, maana wasichana wana haya zao. Pamoja na hayo nilitanguliza utu nikapinga. Niambie kwa haki, ni wangapi huko wizarani wangefanya hivyo?

4. Ndevu hazijaota. Hapa ndipo penye lawama yangu kubwa. Wenzake binti yangu walichanjwa wiki kadhaa zilizopita, na tangu hapo nimekuwa nikisimama mbele ya geti la shule wanapotoka, nikikagua videvu, mpaka mlinzi akaniomba nisogee. Hakuna hata unywele mmoja. Wanacheka na kusukumana vile vile, na wananiamkia kwa sauti zao zile zile. Sasa nimekuwa kichekesho. Wateja wanafungua pazia na kuuliza mabinti wa ndevu wamechelewa wapi. Kwa hiyo ama chanjo yenu mnaichakachua kwa maji, ama friji yenu ni mbovu. Dawa inayoshindwa hata kuleta madhara yake, nitaiaminije kwamba italeta kinga?

5. Namba hii nilikuwa nimeitengea sindano, lakini nimesahau nilichotaka kulalamikia. Naomba ihifadhiwe.

6. Hili naliandika kwa uchungu. Tangu nilipokataa, binti yangu haniongeleshi zaidi ya salamu. Akitoka shule anakuja saluni, anaketi kwenye kile kiti cha tatu, anavuta pazia, anafanya kazi zake za shule. Siku moja akatoa kichwa nje akaniuliza nani aliyeniambia mambo ya ndevu. Nikamjibu kwa fahari. Akaenda kwa mwalimu mstaafu. Mwalimu alisikia kwa muuza magazeti, muuza magazeti alisikia kwa mke wa fundi bomba, na mke alisikia kwa mumewe. Binti akarudi, akasema mbele ya wateja wote, "Baba, nimeifuatilia ile habari yako mpaka mwisho. Imeanzia hapa hapa kwako." Watu walicheka mpaka dereva wa lori akadondosha taulo. Sasa nauliza kwa herufi kubwa: MTOTO WA MIAKA KUMI NA MINNE ANAFANYAJE UCHUNGUZI MKUBWA NAMNA HIYO BILA RIDHAA YA MZAZI? Fomu yake iko wapi? Nani aliitia saini?

7. Wateja walipoondoka aliongeza neno moja tu: "Na shangazi je?" Shangazi yake ni dada yangu, aliyefariki kwa ugonjwa huo huo mnaouchanjia. Nywele zake zilipoanza kudondoka kwa sababu ya dawa za hospitali hakutaka mtu mwingine amguse kichwa, kwa hiyo nilimnyoa mimi, hapa saluni, milango ikiwa imefungwa. Alijitazama kwenye kioo akanicheka, akasema miaka yote hii ya ukinyozi bado nanyoa kombo. Namkumbuka mno. Sioni jambo hili linahusiana vipi na malalamiko yangu, na nashangaa kwa nini nimelipa namba.

Kwa hayo yote, naomba nesi wa miwani aagizwe kuja saluni kwangu kabla ya Alhamisi hiyo agombane nami ipasavyo, mbele ya shahidi wangu, kwa muda usiopungua wa kunyoa vichwa viwili. Aje amekasirika. Apandishe sauti. Akinishinda kwa hoja nitakubali shingo upande, kama inavyompasa mwanamume mwenye msimamo. Asipokuja, binti yangu mwakani atakuwa amepita umri, na lawama itakuwa yenu kwa kuniheshimu kupita kiasi.

Nisalimie dada wa mapokezi, mfagiaji, na mlinzi wako ambaye ana kichwa kizuri cha kunyoa. Msalimie pia yule mtoto aliyekuwa akipimwa uzito. Natumaini ameongezeka.

Wako mwenye kusononeka,
Kinyozi wa Kona,
Mzazi Mwenye Haki ya Kukataa.

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha nilimuuliza dereva wa lori, kupitisha muda tu, kama kweli chanjo zitatosha mpaka Alhamisi. Hata gundi haijakauka, mwalimu mstaafu ameingia mbio na habari kwamba zimebaki za kuhesabu, na kwamba wazazi wa mtaa wa pili wanapanga kuja alfajiri kuwahi foleni. Najua vizuri habari hii imeanzia wapi. Lakini imerudi ikiwa imekomaa, na imenitia hofu mpaka nimemchana mteja sikio. Tafadhali chukulia barua yote hiyo hapo juu haijaandikwa, isipokuwa salamu. Fomu mpya nimeshaitia saini, binti ameishika mkononi na ameanza kuniongelesha, na kesho kabla hamjafungua mtatukuta mlangoni. Nesi akitaka kugombana, tutagombana baadaye. Ikiwa imebaki moja tu, Mganga Mkuu, nakuomba sana, ni ya binti yangu. Na ndevu zikiota, nitamnyoa mimi mwenyewe, na safari hii sitanyoa kombo.