Kibuyu cha Mama Hakiendi kwa Kipyegon

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Nimedhulumiwa. Jana baada ya kanisa Mama alitangaza mbele ya watu kwamba kibuyu chake cha mursik, maziwa yetu ya mgando, atakirithi Kipyegon, ndugu yangu mdogo. Sababu? Kipyegon ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye hubaki na boma la mama. Sawa. Achukue boma. Achukue hata yule ng'ombe kilema. Lakini kibuyu! Mimi ndiye kifungua mimba. Nilikinywea kabla Kipyegon hajawaziwa na mtu.

Wasiojua watasema mursik ni mursik: maziwa, kibuyu, mkaa wa mti wa senetwet, subira. Waongo. Mke wangu Tecla ana kibuyu chake, anakisugua kwa mkaa uleule, na kinachotoka ni maziwa tu. Nimemwambia hivyo tangu tuoane, kwa upole. Leo nimemwambia tena. Aliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

Binti yetu Nelvine yuko likizo kutoka chuo cha ualimu. Ametusomea jambo la saikolojia linaloitwa fiksesheni. Kumbe mtu anaweza kukua mwili, akaota hata ndevu, lakini akili imekwama kwenye kitu fulani cha utotoni na haitoki. Alikuwa ananitazama sana akisoma. Nikamwelewa mara moja. Maskini Kipyegon. Kumbe ni mgonjwa.

Jumanne, 6 Agosti

Mpango wa kwanza: ustaarabu. Nimemwambia Mama kibuyu kina ufa, anipe nikipeleke kwa fundi. Akasema kina ufa tangu kabla ya uhuru, na aliushona mwenyewe kwa ukanda wa ngozi. Nikasema mafundi wa siku hizi wanashona vizuri zaidi. Akanimiminia kikombe ili ninyamaze. Nikanywa. Ilikuwa tamu hadi macho yakalowa. Nikamwambia hakuna mkono kama wake duniani. Mama akakohoa, akatazama nje.

Nyumbani Tecla akaniuliza nimetoka wapi. Kabla sijapata uongo mzuri akaona mursik kwenye masharubu.

"Baba Nelvine," akasema, "hiyo kibuyu ikiingia kwa hii nyumba, mimi naenda kwetu Kiptere. Utaoa hiyo kibuyu."

Mwanamke akiwa na hasira husema mengi.

Jumatano, 7 Agosti

Soko la Litein. Mpango wa pili, na huu ni wa akili: nibadilishe vibuyu, Kipyegon arithi hewa. Nimenunua kingine kwa Naftaly, ambaye huuza kila kitu isipokuwa watoto wake. Shingo ileile, tumbo lilelile.

Naftaly alitaka kujua kwani ile yenye iko kwa nyumba imekosa nini. Akasema Tecla ndiye alimfundisha mkewe, Wakonyo, na sasa watoto wanapigania hiyo maziwa. Nikamwambia mtu aliyelelewa kwa maharagwe ya njahi hawezi kunifundisha mursik. Akacheka vizuri, na akakataa kupunguza bei.

Alhamisi, 8 Agosti

Kibuyu kipya hakina ufa. Lazima kiwe na ufa. Nimekigonga kidogo kwa mpini wa jembe. Hakuna kitu. Nikagonga kama mwanamume. Ufa ukashuka kutoka shingoni hadi kitakoni.

Ukanda wa ngozi sina, kwa hiyo nimeshona kwa waya. Waya nimeutoa kwenye ua wa ng'ombe. Ng'ombe naye akatoka, akaingia kwenye mahindi ya Kipyegon. Kipyegon amemrudisha bila neno la lawama, na ua akautengeneza mwenyewe. Dalili za ugonjwa hizo.

Chai yetu shambani nayo imekomaa kupita kiasi kwa vile wiki hii sikuwa na nafasi ya kuchuma. Niliyochuma leo mbiombio karani wa kituo cha kununulia chai ameikataa yote. Amesema hayo ni majani ya mbuzi. Tecla alikibeba kile kikapu hadi nyumbani bila kuniangalia. Nelvine amesema, "Baba, hii sasa ndiyo fixation yenyewe." Nimefurahi kwamba naye ameiona hali ya baba yake mdogo.

Ijumaa, 9 Agosti

Mchana wa Ijumaa Mama huenda maombi ya akina mama. Nimeingia kwake na kibuyu changu ndani ya koti. Kabla sijaufikia ukuta kinakotundikwa cha Mama, sauti mlangoni. Nikaingia uvunguni mwa kitanda. Huko kulikuwa na kuku anayeatamia, na hakunipenda.

Aliingia Mama, na nyuma yake Tecla. Tecla! Na maziwa mkononi. Alikishusha kile kibuyu kutoka msumarini, akakisugua ndani kwa mkaa, taratibu, namna Mama alivyokuwa akifanya, kisha akamimina. Mama alikuwa ameketi tu, mkono wa kulia juu ya mapaja. Mkono ule umekufa ganzi miaka mitatu sasa. Sikuwahi kujiuliza unasugua kibuyu vipi.

"Tangu mkono yangu ikufe umenifichia aibu, msichana yangu," Mama akasema. "Na yeye anasifu mimi."

Tecla akasema wacha asifu, bora anakunywa. Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Kuku akanidonoa.

"Aron, toka," Mama akasema. "Hiyo gumboot najua."

Nikatoka. Kibuyu changu nacho kikatoka, vipande viwili. Tecla alivitazama, akanitazama mimi, akakifunika cha Mama na kukirudisha msumarini. Kisha akaenda zake.

Jumamosi, 10 Agosti

Tecla yuko Kiptere. Ameondoka na mfuko wake mkubwa, ule wa mazishi na harusi.

Kibuyu chake amekiacha mezani, kimejaa. Nikasema mkono ni uleule, ng'ombe ni yuleyule, leo nionje kwa haki. Nimeonja. Maziwa tu. Nimefumba macho nikaonja tena. Maziwa tu. Nimeogopa kidogo.

Nimechuma chai peke yangu hadi jioni. Hakuna aliyenikosoa. Ninamkosa sana.

Jumapili, 11 Agosti

Kiptere. Nimekuja na suti ya harusi. Mbele ya baba mkwe na shemeji Kipngetich nimekiri kila kitu: kuku, waya, yote. Nimesema mursik niliyoisifu miaka hii ilitoka mikononi mwa Tecla, na hakuna mikono kama hiyo duniani. Tecla akalia kidogo, akajifuta kwa leso. Mzee akamwambia mwanamume akijishusha hivi, afuatwe. Kipngetich akawasha pikapu. Mfuko ukapakiwa. Tecla akanitengenezea kola.

Kwa furaha nikamweleza mpango. Kibuyu cha Mama kiende kwa Kipyegon, sina kinyongo. Tecla atatengeneza mursik yetu ndani ya kibuyu chake, nyumbani kwake, kwa heshima zote. Ila kitu kidogo tu: kikishajaa, kipelekwe kikalale kwa Mama siku chache, kwenye ule msumari, ndipo nikinywee.

Tecla ameshusha mfuko. Ameingia jikoni kwa mama yake na kufunga mlango. Mzee ameenda kuangalia ng'ombe ambao wako sawa kabisa.

Ninaandika haya nikiwa kwenye pikapu, ambayo Kipngetich ameizima. Simlaumu Tecla. Mwanamke mzima, ndoa ya miaka ishirini, na bado hawezi kuachana na jiko la mama yake. Nikifika nyumbani nitamuuliza Nelvine kama kuna dawa.