Mke Wangu Amehamia Ghorofa ya Chini kwa Sababu ya Madirisha

Jumatatu, 12 Januari

Elspeth amehama. Hakwenda mbali. Baada ya chai ya asubuhi ameshuka ngazi kumi na nane, mto kwapani, akaingia kwa majirani wa chini, Ninian na Morven Auchterlonie. Wamempa chumba cha wageni. Kasema hana ugomvi na mimi hata kidogo. Ugomvi wake ni na madirisha.

Naandika nikiwa na kofia mbili kichwani. Chumba chetu cha kulala kina madirisha matatu ya kizamani, yale ya vioo viwili, kimoja juu kimoja chini, unavipandisha na kuvishusha. Pembeni kuna kamba, na ndani ya fremu kuna vyuma vizito vinavyoning'inia ili kioo kibaki pale ulipokiacha. Yana miaka mia mbili. Ni fahari ya Edinburgh nzima. Yamefungwa, yamekomewa, na bado pazia linacheza ngoma.

Kilichomaliza uvumilivu wake ni meno yangu ya bandia. Leo asubuhi yalikuwa yameganda kwenye glasi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akachukua mto.

Kaniambia siku pazia litakapotulia, siku hiyo atapanda. Nikamwambia Jumamosi halitatikisika. Jumamosi ni miaka thelathini ya ndoa yetu, siwezi kuisherehekea na mto mmoja. Akasema basi niite fundi. Nikamuuliza fundi wa nini na mimi nipo. Akashuka. Nilisikia tu mlango wa chini ukifunguliwa na Morven akisema, "Karibu shoga, maji ya moto yako tayari."

Jumanne, 13 Januari

Nimeamka na kukuta kibao cha zamu ya kuosha ngazi kimetundikwa kwenye kitasa changu. Kati ya wiki zote za mwaka, ikawa hii! Nimepiga deki nikiwa nimeinama, na mke wangu akanipita mara mbili na mswaki wake. Bi Tulloch wa ghorofa ya juu kasimama juu ya kichwa changu, akauliza kwa upole kama tumeachana au tumegawana joto. Nikamwambia angalie asiteleze. Akasema yeye hajateleza, aliyeteleza ni mwingine.

Ninian akanikuta pale, akanivuta ndani nikaone madirisha yake. Ninian ni daktari wa meno mstaafu. Namsagia meno miaka yote hii, na meno yenyewe kayatengeneza yeye.

Madirisha yake ni ya kale kama yangu. Ila kwa ndani ameweka dirisha la pili: kioo kwenye fremu nyembamba, nyeupe, ukitazama haraka hukioni. Akanieleza kwa dakika arobaini. Kuna la kuteleza pembeni. Kuna la bawaba, linafunguka kama mlango wa kabati. Kuna la kunyanyua na kuweka chini ya kitanda wakati wa kiangazi. Kuna la plastiki ngumu linaloshikwa na sumaku. Ukitaka kuzuia kelele, acha nafasi ya shubiri moja kati ya kioo cha zamani na kipya. La ndani ulizibe barabara, la nje uliache lipumue. Basi lilipita chini barabarani, sikulisikia.

Chumba kilikuwa na joto. Elspeth alikuwa kwenye kiti, amevaa blauzi ya mikono mifupi! Sijaona viwiko vya mke wangu tangu Septemba.

Halafu Ninian akaniambia jambo. Miaka mitatu iliyopita alitaka kung'oa madirisha yake ya kale aweke ya plastiki. Mtu asiyejulikana akaandika barua kwa baraza la jiji, akazuiwa, maana nyumba hizi ni za urithi wa jiji, sura yake haibadilishwi. Ndipo akaambiwa kuna njia hii ya kioo cha ndani. Anasema anamwombea heri mtu yule kila siku ya baridi. Mwandishi wa barua ile ni mimi. Nilirudi juu nikakaa kitandani na buti zangu.

Amenipa jina la fundi wake, Bwana Kinloch. Nimelipokea kwa adabu na kulitia mfukoni. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Ninian ana kipara.

Jumatano, 14 Januari

Mbinu ya kwanza. Nailoni nyembamba. Unaibandika kwenye fremu kwa gundi, unaipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele, inajikaza yenyewe mpaka unadhani ni kioo. Hivyo ndivyo maandishi ya kwenye pakiti yanavyodai.

Mashine ya nywele iko chini pamoja na mwenyewe. Nimebisha hodi. Elspeth kanitazama, katazama kichwa changu, kauliza nataka kukausha nini. Nikasema ni siri ya ndoa. Alinipa.

Dirisha la kwanza, safi. La pili, safi. La tatu nimepuliza karibu mno, likatoboka tundu la ukubwa wa sahani. Nikaziba tundu kwa plasta ya vidonda. Upepo ukaja kutoka baharini, nailoni zote tatu zikavimba, zikanywea, zikavimba, zikanywea. Puu, paa, puu, paa, mchana kutwa. Nikahisi nimelazwa ndani ya mapafu ya mtu.

Saa kumi gundi ikaachia na kuondoka na rangi ya dirisha. Rangi nyingi. Morven kapanda kuuliza kama ninafuga bata. Elspeth kamtuma, najua.

Alhamisi, 15 Januari

Mbinu ya pili, na hii ni ya akili. Plastiki ngumu ya sumaku! Ninian mwenyewe analo dirisha moja tu la aina hiyo, chooni. Mimi nitakuwa nayo matatu, tena nimeyafunga kwa mkono wangu.

Nimepima. Ninian alinisimamisha kwenye ngazi kunishauri nipime upana mahali patatu, kimo mahali patatu, kila dirisha peke yake, kwa sababu nyumba hizi zimelala upande na hakuna pembe hata moja iliyonyooka. Miaka thelathini na minne nimefundisha hesabu! Nikamwitikia kwa mdomo tu. Madirisha matatu, chumba kimoja, jengo moja, mjenzi mmoja. Nimepima moja, upande wa juu, mara moja. Nikazidisha kwa tatu.

Duka la plastiki la Leith, kule bandarini, wamekata papo hapo. Mwenye duka kauliza kama nina uhakika. Nikamwambia mimi ni mwalimu. Akasema anauliza kwa sababu hiyo.

Kurudi ilikuwa shughuli. Upepo wa barabara ya Leith Walk ukashika plastiki zangu, nikapelekwa hatua kumi na mbili upande nisioutaka, nikaingia kwa kinyozi. Wakaniuliza nakata vipi. Dereva wa basi la kwanza kakataa kunipandisha. Wa pili kakubali kwa sharti kwamba nisiongee.

Ijumaa, 16 Januari

Dirisha la kwanza, plastiki imekaa sawasawa. Tak! Sumaku zimenata. Nimeipigia saluti.

La pili, pengo la vidole viwili upande wa kushoto. Nimeliziba kwa soksi. Zangu hazikutosha, nimechukua za Elspeth.

La tatu, plastiki ni kubwa kuliko dirisha. Nimeikata kwa msumeno wa mkate. Pembeni imekuwa na meno, lakini pazia litafunika.

Nikakaa kungoja. Pazia likacheza. Kidogo, kwa dharau. Nikawasha mshumaa, nikautembeza pembeni mwa dirisha nitafute upepo unaingilia wapi, na nikamkamata mwizi. Ni yale matundu ya vigurudumu, kamba zinapopita kuingia ndani ya fremu! Kila dirisha linayo manne. Ninian kwa maneno yake yote ya dakika arobaini hakuyataja.

Huwezi kuziba tundu lenye kamba. Kwa hiyo nimezikata kamba. Kumi na mbili. Vyuma vikadondoka ndani ya fremu, ti, ti, ti, mpaka Ninian akaita kutoka chini kuuliza nani kaanguka. Nikamjibu hakuna, ni maendeleo. Matundu nimeyajaza sufi ya kufumia ya Elspeth, ile ya rangi ya zambarau.

Vioo vya juu havikusogea hata unywele. Vimeshikwa na rangi ya miaka. Kamba zilikuwa za urembo tu.

Saa kumi na moja jioni pazia lilisimama wima kama askari wa zamu. Nimelitazama robo saa nzima. Nimemwandikia Elspeth kikaratasi na kukipitisha chini ya mlango wao: kesho saa tisa alasiri, njoo na mto. Nimewaalika na Ninian na Morven, wawe mashahidi.

Jumamosi, 17 Januari

Miaka thelathini.

Wamekuja saa tisa. Ninian na chupa ya wiski, Morven na biskuti za siagi alizooka mwenyewe, Elspeth na mto. Chumba kilikuwa na joto. Sijidanganyi, kilikuwa na joto kweli. Elspeth akavua koti, akavua sweta, akakaa kitandani. Akalitazama pazia muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Lachlan, limetulia." Akauweka mto mahali pake. Nilitaka kulia. Ninaandika ukweli, nilitaka kulia, nikamimina wiski badala yake.

Hapo Ninian akauliza yale matundu ya kamba nimeyafanyaje, maana yeye yalimsumbua mpaka fundi alipomwekea vifuniko vyenye brashi, kamba inapita, upepo haupiti. Nikasema nimekata kamba. Ninian akaweka glasi chini. Akauliza zote? Zote. Akauliza basi kioo cha juu kinashikwa na nini sasa. Nikamwambia kinashikwa na kazi safi, nikapiga fremu kofi ili asikie ilivyo imara.

Rangi ikaachia. Kioo cha juu kikashuka chote kwa mkupuo mmoja mpaka chini, kishindo kikatikisa taa, na nusu ya juu ya dirisha ikabaki wazi kwa Januari yote. Upepo ukapiga plastiki kwa nyuma, sumaku zikakata tamaa, ikaruka na kutua kitandani juu ya biskuti. Mtikisiko ukafika dirisha la pili, nalo likafuata mkumbo. Soksi zikatawanyika chumba kizima. Morven kaokota moja, akasoma jina la Elspeth alilolitia kwa uzi. La tatu halikushuka. Naomba hilo likumbukwe.

Mimi na Ninian tulivinyanyua vile vioo, tukaviegemeza kwa mbao za rafu ya vitabu. Theluji ilikuwa inaingia. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

Elspeth hakunigombeza. Alikung'uta makombo kwenye mto, akauchukua. Mlangoni akasema, "Njoo ulale chini na wewe, mume wangu. Utakufa humu ukiwa na haki." Nikashuka.

Jumapili, 18 Januari

Nimelala kwa Ninian. Sijalala hivyo miaka kumi. Hakuna upepo, hakuna mabasi, meno yangu hayakuganda kwenye glasi.

Asubuhi, kabla wenyeji hawajaamka, Elspeth akanishika mkono chini ya blanketi. Kasema baridi angeivumilia, kaivumilia miaka thelathini. Anachoshindwa ni kulala na mtu ambaye kila akiambiwa nahisi baridi, anajibu mimi najua zaidi. Kasema hakuwahi kutaka nizibe dirisha. Alitaka mara moja tu nimwambie mtu mwingine, hili silijui, nisaidie. Sauti yake ilitetemeka. Mimi ndiye niliyefanya itetemeke, na nilijiona mdogo sana. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia namwita fundi leo hii. Akanibusu kwenye kipaji cha uso, jambo ambalo halijatokea tangu enzi tulipokuwa na gari.

Kinloch ni mtu mwema, kajibu simu hata Jumapili. Kesho saa tatu asubuhi yuko hapa. Atarudisha kamba, ataziba nyufa, atapima kila dirisha mara sita, ataweka vioo vya ndani vya kuteleza. Elspeth kaimba akiwa jikoni kwa Morven. Kasema vikishakaa tu anapanda, na mto, na hatashuka tena.

Baada ya kifungua kinywa nimelala chali kidogo, nikitazama dari. Na dari ya chumba hiki, nikafikiri, ndiyo sakafu ya chumba chetu. Joto hupanda juu. Mtoto wa darasa la tano anajua. Joto lote hili la Ninian linapanda, linagonga dari, linakosa pa kupita. Tatizo halikuwa madirisha hata siku moja! Matundu ishirini, madogo, chini ya kitanda chetu, nani atayaona?

Nimempigia Kinloch asije. Elspeth nitamwambia fundi ana mafua. Saa nane namwendea Ninian sebuleni kuazima kekee yake ya umeme, ile ya kutobolea.