Wingu Jekundu na Shikamoo ya Kaanaeli

Jumatatu, 17 Novemba 2025

Nimewekeana dau na Kaanaeli. Si la fedha, sisi ni Walutheri.

Jana baada ya ibada mchungaji alitangaza kuwa usharika unatafuta picha ya kuweka juu ya kalenda ya mwakani. Kaanaeli akajikohoza. Miaka mitatu mfululizo picha hiyo ni Mlima Meru, aliyoipiga kwa simu aliyotumiwa na bintiye. Mlima ule ule! Haujasogea! Unanitazama sebuleni kwangu Januari hadi Desemba, mimi niliyepiga picha za pasipoti za nusu ya watu wa kata ya Sokon I.

Nikasema mbele ya wazee wenzetu kwamba hata mbuzi angeupiga picha mlima. Akauliza mimi nitapiga nini, upara wangu? Tukakubaliana: atakayeshindwa atamwamkia mwenzake shikamoo, hadharani, mwaka mzima. Ieleweke kwamba tulipata kipaimara siku moja, lakini nimemtangulia kuzaliwa kwa miezi minne. Mkubwa kumpa mdogo shikamoo! Bora ning'olewe meno bila ganzi. Yote sita.

Mpango ninao. Nebula! Ni wingu lililo huko kwenye nyota, katika upanga wa kundi la nyota la Orioni, jekundu, kubwa kuliko dunia na Kaanaeli juu yake. Nimeliona kwenye video. Kamera ya kawaida hailioni vizuri kwa sababu ndani ina kioo kidogo kinachozuia wekundu. Dawa ni kukitoa.

Jumanne, 18 Novemba

Hans, fundi simu wa mtaa wa Kwa Mrombo, amekitoa kile kioo kwenye kamera yangu. Zimebaki skrubu mbili, anasema kamera haizihitaji. Skrini ya nyuma imekufa, nayo anasema siihitaji, picha nitazitazama kwenye kompyuta yake. Kisha akaanza: ila mzee wangu, mchana hiyo kamera... Nikamkatiza. Mchana kuna jua. Mimi nataka nyota.

Tatizo la pili: dunia inazunguka, nyota zinakimbia. Kamera lazima izifuate taratibu. Video inasema unachukua mbao mbili, unaziunga kwa bawaba, kamera inakaa juu, chini unazungusha bolti kidogo kidogo. Bawaba nzuri ilikuwepo moja tu, ya mlango wa jiko. Mama Sakaya, mke wangu, alikuwa kwenye kikundi cha akina mama. Bahati!

Alhamisi, 20 Novemba

Haikuwa bahati. Mlango wa jiko ulianguka, mbuzi akaingia akala makande yote. Mama Sakaya akauliza bawaba imekwenda wapi. Nikasema kutu. Akauliza kutu imeipeleka wapi.

Nikakimbilia Oldonyo Sambu kwa kaka yake, shemeji Lesikar. Kule hakuna taa za mji. Saa sina, nikaamua kupima kwa wimbo: ubeti mmoja, bolti mzunguko mmoja. Lesikar akajitolea kuimba. Ni Mkatoliki. Kwao wimbo unakwenda na ngoma na kayamba! Beti zilinipita kama pikipiki, nikazungusha mpaka kiganja kikatoa lengelenge.

Leo kwa Hans: nyota zote zina mikia. Viluwiluwi kwenye dimbwi.

Jumamosi, 22 Novemba

Jana usiku nilimfundisha Lesikar kuimba Kilutheri. Vuta pumzi, lionee huruma kila neno, usiwe na haraka ya kufika Amina. Akasema wimbo wa namna hii utalaza ng'ombe. Walilala.

Hadi saa tano Meru ilituletea mawingu. Mlima wa Kaanaeli! Unamtumikia! Kisha anga likafunguka.

Asubuhi Hans akafungua picha. Wingu limetoka. Jekundu, kama kaa chini ya majivu unapolipuliza. Hans aliacha kutafuna. Mimi niliacha kusema, na iandikwe hivyo, maana haijapata kutokea.

Jumapili, 23 Novemba

Ushindi! Mchungaji aliishika picha kwa mikono miwili, wazee wa kanisa wakapiga makofi. Imechaguliwa. Kaanaeli akavua kofia mbele ya kwaya nzima.

"Shikamoo, Tajeu."

Nikamwambia sikio lina nta, arudie. Akarudia. Nikaiacha ikae hewani kidogo.

"Marahaba, mwanangu."

Mchungaji akasema chini ya wingu iwekwe picha yake na wazee wa kanisa, kwenye nyasi, na niipige mwenyewe. Yeye na joho lake jeusi. Kaanaeli mstari wa mbele, suti mpya nyeusi. Nikapiga. Nimeipeleka kadi ya kamera moja kwa moja kwa mchapaji, kule mtaa wa Levolosi. Kwa Hans sikupita. Mpiga picha wa hadhi yangu hakagui kazi yake.

Alhamisi, 27 Novemba

Nakala ya kwanza imefika. Juu, wingu. Zuri! Chini, balaa. Nyasi za waridi. Miti ya waridi. Joho la mchungaji jekundu, suti ya Kaanaeli nyekundu ya mvinyo. Wazee wetu wamejipanga kama makadinali wanaokwenda kumchagua papa.

Nikampigia Hans. Akasema ndilo alilotaka kuniambia: bila kile kioo, kamera inaona mwanga tusiouona sisi, na mchana majani na nguo nyeusi vinageuka vyekundu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akakata simu, nadhani kwa aibu.

Mchungaji alivua miwani.

"Mzee Tajeu, mimi nimehamia Roma lini?"

Nikasema basi tuondoe picha ya chini, wingu libaki. Wazee wakasema kama kamera inapaka joho rangi, nani atathibitisha rangi ya wingu? Nikaapa kwamba wingu ni jekundu kweli, liko hivyo, ndivyo lilivyoumbwa. Hakuna aliyeniamini. Mara moja maishani nimesema kweli!

Kumbe Kaanaeli siku ile alikuwa ameegesha simu yake ukutani, ikatupiga yenyewe. Joho jeusi. Nyasi kijani. Na kwa bahati alikuwa na picha ya Mlima Meru mfukoni. Zote mbili zikachukuliwa.

Jumapili, 30 Novemba

Kaanaeli alisimama mlangoni mwa kanisa tangu ibada ya kwanza. Nilijaribu mlango wa nyuma, kwaya walikuwa wameufunga. Kwaya nzima!

"Shikamoo, Kaanaeli."

Akasema sikio lina nta.

Sitaandika zaidi. Mama Sakaya alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi.

Lakini jioni Lesikar amepiga simu. Mama Sakaya alimtumia ile nakala nyekundu ili wacheke pamoja, naye akaipeleka parokiani kwao. Wameipenda! Wanataka kalenda yao, wingu jipya juu, padri na makatekista chini. Nimeuliza padri atavaa rangi gani. Kanzu nyeupe. Nyeupe! Nyeupe itageuka nini?

Nimempigia Hans kumpa habari njema. Akaanza: ila mzee wangu, nyeupe nayo... Nikakata. Fundi mzuri, ila anaongea sana.

Nimepita kwa Kaanaeli kuweka dau jipya. Parokia wakiitundika picha yangu, ananiamkia yeye miaka miwili, akiinama. Wasipoitundika, nainama mimi. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Maskini, uzee umeanza kumla akili.

Bawaba ya zamani imelegea. Kesho nang'oa ya mlango wa choo.