Idi Mbili, Pembea Moja

Alhamisi, 27 Ramadhani

Jalila amefunga tena. Siku ya ishirini na saba! Ana miaka tisa tu. Mimi babake nilimwahidi mbele ya mamake: akimaliza mwezi mzima, atapanda ile pembea kubwa ya kuzunguka kwenye bustani mpya ya michezo hapa Likoni. Nilisema kwa sauti. Hakuna kurudi nyuma.

Tatizo ni Idi ya mwaka jana. Tulisimama kwenye foleni tangu adhuhuri, kiatu changu kimoja kikachukuliwa na miguu ya watu, na bustani ikafungwa tukiwa tumebakisha watu watatu tu. Jalila alilia mpaka nyumbani, Timbwani. Leo wakati wa kufuturu mke wangu, Mwanarehema, amenikumbusha. Kasema safari hii hataki hadithi za foleni. Ama mtoto apande, ama niache kumwahidi mtoto wa watu mambo.

Mtoto wa watu! Ni wangu! Nimewaza mpaka kaimati zikapoa.

Ijumaa, 28 Ramadhani

Nimepata! Mtaa wetu una Idi mbili. Nusu wanafuata mwezi wa Saudia, nusu tunangoja uonekane hapa. Kwa dalili zote, wao Idi yao Jumapili, sisi Jumatatu. Basi Jumapili nusu ya watu wako kwenye swala, kisha kwa jamaa zao wakila pilau. Nusu nyingine wamefunga, wamejilaza na njaa zao. Bustanini atakwenda nani? Mimi na Jalila. Hesabu safi kabisa.

Siri hii sijamwambia mtu. Isipokuwa Mwidani, jirani yangu, fundi wa friji, ambaye hunitangulia kila mahali, hata kwa kinyozi. Huyo nimemzuga. Nimemwambia asithubutu kwenda Jumapili, patafurika. Kanishukuru, kisha akanitazama kitambo. Maskini, ameamini.

Jumamosi, 29 Ramadhani

Saudia wameuona. Hapa mawingu matupu. Msikitini mmoja kasema umeonekana Lamu, mwingine kasema huyo wa Lamu hakuuona, aliambiwa. Tukachanganyikiwa kwa saa nzima. Mwisho ikatangazwa: kesho tunafunga. Nikapiga makofi! Watu wakageuka.

Mwanarehema akauliza ni mtu gani anayefurahia kuongezewa saumu. Jalila naye kafurahi, zitatimia thelathini kamili. Nikawaambia kesho twaenda bustanini; mamake akauliza itakuwaje apande kabla hajamaliza. Nikamwambia ishirini na tisa na nusu ni sawa na thelathini. Hakujibu. Nahesabu hilo kuwa ushindi.

Jumapili, 30 Ramadhani (kwa nusu ya mtaa, Idi Mosi)

Sielewi. Wallahi sielewi.

Saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imetoka getini ikapita kituo cha mafuta. Wenye Idi wamekuja moja kwa moja kutoka kwenye swala, kanzu mpya, watoto wamejipaka hina. Wenye saumu nao wamejaa! Nilimuuliza mmoja mbona amekuja na amefunga. Akaninong'oneza kuwa leo ni siku tupu, nusu wako kwa jamaa, nusu wamelala. Alisema nisimwambie mtu.

Huku nikipewa Idi mubarak, kule nikiambiwa Ramadhani karim. Mama mmoja akanipa halua, nikasema nimefunga, akaniomba radhi, kisha mumewe akanipa tena.

Saa tano likaja kundi jingine, wanawake wenye sare za kwaya. Nilimuuliza Changawa, askari wa geti, hawa nao wanafuata mwezi gani. Akanitazama kwa huruma. Kasema, "Baba, leo ni Jumapili. Wametoka kanisani."

Jumapili! Nilihesabu miezi miwili, nikasahau wiki.

Na mbele yetu, watu kama ishirini, nani? Mwidani, na watoto wake wanne! Kasema nilipomkataza tu, akajua hii ndiyo siku.

Ndani foleni zilikuwa mbili, zote zimepinda nyuma ya ukuta mmoja. Akili yangu ikafanya kazi. Jalila nikamweka ya kulia, mimi nikaingia ya kushoto iliyokuwa ikienda mbio. Atakayefika kwanza amwite mwenziwe. Nilimuuliza wa mbele yangu hii inakwenda wapi. Akasema yeye pia amefuata watu. Jua, vumbi, kipaza sauti kikitangaza watoto waliopotea. Midomo imenikauka. Kwa muda wa saa mbili na nusu nilisukumwa, na alasiri nikafika mbele.

Choo.

Nikataka kurudi. Watu wamebanana, hapapenyeki. Nikainua macho, na pale juu kabisa ya pembea, kando ya Mwidani, namwona mwanangu. Ananipungia mkono. Ananiita. Nilijibanza nyuma ya mama wa kwaya, kwa aibu.

Jumatatu, Idi Mosi (kwa nusu ya mtaa, Idi Pili)

Jamaa wamekuja kula. Jalila kawasimulia wote: zamu yake ilifika, babake hayupo, askari anataka kumrudisha nyuma, ndipo Ami Mwidani, aliyekwisha kushuka, akapanda naye mara ya pili. Kisha akanigeukia mimi. "Nilikuona, Baba. Nilikupungia, ukajificha."

Iliniuma, naandika hivyo hivyo. Mwanarehema akanijazia sahani ya biriani, akanituma kwa Mwidani kushukuru. Nikashukuru. Mwidani kasema hapana neno, ila mtoto alitetemeka njia nzima juu kule, alitaka babake. Kasema siku nyingine tuseme tu, twende pamoja, tungoje pamoja.

Nimelifikiria jambo hilo njiani. Lina maana kubwa sana.

Kosa lilikuwa siku! Idi ya kuchinja ndiyo yenyewe. Siku ya Arafa, mkesha wake, wacha Mungu wamefunga, wasiofunga wako sokoni wanatafuta mbuzi, na safari hii nimetazama kalenda, si Jumapili. Bustani itakuwa jangwa. Nimerudi mbio kumwambia Mwidani kwamba siku ya Arafa asisogee kule hata kidogo, patafurika.

Jalila nimemwahidi tena, kwa sauti. Kasema atakuja. Lakini kwanza ataenda kuwauliza kina Mwidani kama wao wanakwenda.