Baba Wanne, Chuo Kimoja

Jumatatu, 20 Oktoba 2025. Awindiri, Arua, Uganda

Nimeamua. Nitasoma Amerika. Limebaki jambo dogo la Amerika kukubali.

Mwalimu Santina, mshauri wa vyuo pale shuleni nilikomaliza kidato cha sita mwaka jana, ametuita ofisini wahitimu wawili. Mimi, Kasimiro Loku, kijana wa Koboko mwenye akili. Na Juliet Eyotaru, msichana wa hapa Arua mwenye bidii. Akili na bidii ni vitu viwili, lakini Mwalimu Santina alitukalisha kwenye benchi moja.

Akasema kuna vyuo viwili vinavyolipia kila kitu, hadi nauli ya ndege. Wexley, kwenye theluji. Aldren, kando ya bahari. Ukiomba mapema, kabla ya tarehe mosi Novemba, nafasi yako inakuwa kubwa. Ila ombi la mapema linafunga. Unachagua chuo kimoja tu. Unatia sahihi wewe, mzazi na mwalimu. Kikikukubali unakwenda, huna mdomo tena. Ukigundulika umeomba viwili, vyote vinakutema.

Ukutani kwake ametundika karatasi: Mshika mawili moja humponyoka. Methali ya watu wenye mikono mifupi.

Nataka Wexley. Bahati mbaya, Juliet naye anataka Wexley. Nina hakika hawachukui watu wawili kutoka shule moja. Hakuna aliyeniambia. Mtu mwenye akili huhisi tu.

Jumatano, 22 Oktoba

Juliet amekuja mwenyewe! Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa shangazi Victoria, ninakopanga kufanikiwa. Msichana huyu hana hila hata ya kuazima. Alikuja na daftari na kalamu, akaniuliza kwa heshima nimesikia nini kuhusu Wexley.

Nilimsikitikia. Kisha nikamwambia kwamba Wexley hawapiki, wanakula majani mabichi na maziwa baridi. Kwamba kila alfajiri wanafunzi hupewa koleo wakaondoe theluji mlangoni, na asiyemaliza hafundishwi. Kwamba wasichana wa Afrika wamewahi kupotea humo hadi mwezi wa tano. Aliandika yote. Koleo alilipigia mstari.

Akanishukuru. Akasema mimi ni kaka wa kweli.

Jumamosi, 25 Oktoba. Koboko

Nimekuja kutafuta sahihi ya baba. Baba ni Sajini Severino, mstaafu, na mambo yote huyapima kwa kipimo cha kambini. Mwalimu Santina alinipa barua ya kumweleza, kwa Kiswahili, kwa kuwa anajua wazee wetu wa Koboko wameiva katika Kiswahili cha jeshi. Yeye chake alikiokota kwenye semina ya wiki mbili Dodoma na hajapumzika kukionyesha. Aliandika: "Mwanao akikubaliwa na chuo, amefungwa."

Baba akasoma. Akavua miwani. Akaniuliza, "Wewe iko na kesi gani?"

Nikamwambia sina kesi, ni chuo. Akauliza wanafunga miaka mingapi. Nikasema minne. Akasema miaka ine bila kesi ni mingi, na kama nimeiba nimwambie sasa, atakwenda kuongea na wenye mali. Halafu akauliza kama huko Amerika ndugu wanaruhusiwa kuleta chakula.

Ilinichukua hadi alasiri. Mwishowe nikamwambia ni sawa na jeshi: unatia sahihi, unakaa mpaka muda wako uishe, hutoroki. Hapo hapo akaelewa. Angeambiwa hivyo asubuhi tungekula mapema.

Akanawa mikono. Akavaa koti la Jumapili. Akatoa meza uani, akaifuta, akatia sahihi polepole herufi kwa herufi, huku kuku wakimzunguka miguuni. Kisha akasema, "Mukono yangu nimetia mara mbili tu. Jeshi, na sasa wewe." Nikamkumbusha ndoa. Akasema ile ilikuwa ya ng'ombe, haikuwa ya kalamu.

Alisimama wima mbele ya ile fomu. Nilihofu ataipigia saluti. Wazee wanapenda kukuza mambo.

Jumatatu, 27 Oktoba. Awindiri

Ushindi. Juliet ameachana na Wexley. Ataomba Aldren. Baba yake ameshatia sahihi.

Alinipitishia kitabu cha Aldren nitazame picha. Nikatazama kwa dharau. Bahari, sawa. Maktaba, sawa. Ukurasa wa tisa, jikoni. Wali. Kila siku wali, na samaki wa kukaanga, na mpishi mnene anayecheka.

Nimekaa nikiwaza. Kwa nini msichana niliyemdanganya apate wali, na mimi niliyesema uongo nipewe koleo? Maana tangu Jumatano ile koleo limenikaa kichwani. Nilieleza vizuri mno. Wexley sasa naiogopa.

Lakini pia siwezi kuiacha. Wexley ni chuo kikubwa, na baba ameshasimama wima.

Kwa hiyo nitaomba vyote viwili. Kinachofunga ni sahihi ya baba, na wazungu waliotunga ile fomu wana baba mmoja mmoja, maskini. Sisi hatuna mambo hayo. Ndugu wa baba ni baba. Ninao wanne: Severino aliyenizaa, Swadiki wa mpakani, Lako anayelima muhogo Abuku, na Loro fundi wa baiskeli mjini Koboko. Wote nawaita baba, wote wameshanichapa. Si uongo hata kidogo.

Na cheti changu cha kidato cha nne kimeandikwa Loku Kasimiro, cha sita Kasimiro Loku. Serikali yenyewe imenigawa. Majina mawili, baba wawili, vyuo viwili. Mwalimu Santina na ashushe karatasi yake ukutani.

Jumatano, 29 Oktoba. Oraba

Baba Swadiki ni wakala wa forodha. Nilimkuta kati ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Kaya, Sudan Kusini, ana kalamu mbili sikioni na watu sita wanamwita kwa pamoja. Ndiye mtu ninayemheshimu zaidi katika ukoo. Haulizaulizi.

Aliuliza swali moja tu, kama kaka yake Severino ameshasaini. Nikasema ndiyo, ameshasaini ya kwake. Akafurahi. Akasema vizuri, "kila mutu na yake," mtoto ni wa wote. Akasaini juu ya boneti ya lori. Kisha, kabla sijamzuia, akapiga muhuri wake wa kuvushia mizigo.

Mwanzoni nilishtuka. Sasa naona unapendeza. Fomu ya Juliet haina muhuri.

Ijumaa, 31 Oktoba. Arua

Ilibaki sahihi ya Mwalimu Santina kwenye fomu ya pili. Ya Wexley alishatia wiki iliyopita. Nikamwendea saa sita, najua Ijumaa ana haraka. Nikamwambia fomu ya Wexley imeliwa na mbuzi wa shangazi Victoria.

Akaniuliza imeliwa yote? Nikasema kimebaki kipande chenye neno theluji. Akaketi. Akasema Mungu huongea kwa njia nyingi. Nikasema hata mimi nimeona hivyo, ndiyo maana nimehamia Aldren. Akatia sahihi, akaniombea dua fupi, akamwombea na mbuzi.

Muhuri wa Baba Swadiki hakuuona. Kidole changu kilikuwa juu yake.

Zote mbili nimezituma kutoka duka la fotokopi. Loku Kasimiro kwa Wexley, Kasimiro Loku kwa Aldren. Picha ya kwanza nimenyoa, ya pili sijanyoa. Kazi safi. Sijui kwa nini watu wanasema hila ni ngumu.

Alhamisi, 13 Novemba

Baba Swadiki amenipigia simu, ana furaha. Aldren wamempigia! Moyo ukaruka. Nikamwomba anieleze neno kwa neno. Ningejua, ningeomba afupishe.

Ni mama mmoja mwenye sauti nzuri, anahakiki wazazi. Alitaka kujua muhuri unahusu nini. Baba Swadiki akamjibu kwa Kiingereza chake cha mpakani kwamba mtoto amekaguliwa, hana kasoro, anaweza kupita. Mama akacheka. Akauliza, wewe ndiye baba yake? Akajibu, mimi iko baba yake. Akauliza, na huyu Severino kwenye cheti cha kuzaliwa ni nani? Akajibu, huyo pia iko baba yake.

Yule mama hakukasirika. Alisema hata kwao wako watoto wenye baba wawili, akampongeza sana. Baba Swadiki akaona hawa ni watu wastaarabu, wanajua ukoo. Ndipo akafunguka. Akamwambia wawili ni kidogo. "Hii mutoto iko na baba ine!" Akawataja mmoja mmoja, na Lako na muhogo wake. Kisha, ili mama asidhani ukoo umenitupa, akamhakikishia kwamba Severino naye ameshasaini. Ya kile chuo kingine, cha theluji.

Simu ikawa kimya, anasema. Akadhani ni mtandao wa Oraba.

Nilimshukuru. Ungefanya nini? Alikuwa ananisifu.

Jumatatu, 17 Novemba

Barua mbili. Aldren wameandika kwa upole, Wexley kwa ukali, na maana ni moja. Maombi yote mawili yamefutwa. Nakala kwa mwalimu. Nakala kwa mzazi, kila mmoja wake.

Mwalimu Santina hakupiga kelele. Alinionyesha faili langu. Ameandika neno moja juu: mbuzi. Akasema jina la shule limeniponyoka mimi mkononi, na kwamba sasa kila mwanafunzi wake atakayeomba huko ataangaliwa mara mbili. Akasema hatatia tena sahihi yake chini ya jina langu. Nikatazama ukutani. Ile karatasi bado ipo, inanitazama.

Niseme ukweli, hata methali ilikosea. Ilisema moja huponyoka. Yameponyoka yote mawili. Sasa mtu akitegemea methali atafika wapi?

Jumamosi, 22 Novemba. Koboko

Baba alinitumia neno nije. Nilijiandaa kwa kelele. Nilikuwa na majibu kumi na moja.

Nikamkuta uani, meza imetolewa, ile ile. Juu yake nakala ya fomu aliyosaini. Amevaa koti la Jumapili, na leo si Jumapili. Akaniambia nisome mstari ulio juu ya sahihi yake, kwa sauti, nimfasirie. Nikasoma: Naahidi kwamba mwanangu ameomba chuo hiki peke yake. Akasema rudia. Nikarudia.

Akaigeuza karatasi uso chini. Kisha akasema taratibu, "Saini yangu ilifunga mimi jeshi miaka kumi na nane. Wewe, hata wiki tatu imeshinda wewe."

Basi. Akavua koti, akalikunja, akaingia ndani. Hakuniita kijana wangu, hakuniita hata Loku. Majibu yangu kumi na moja nilibaki nayo, pamoja na kuku.

Niliumia. Naandika kwa sababu hakuna anayesoma. Nilitaka atoke anichape kama zamani, na hakutoka. Nilifuta meza nikairudisha mwenyewe. Mguu mmoja umelegea, sikuwahi kujua.

Kosa lilikuwa muhuri.

Jumamosi, 13 Desemba. Awindiri

Juliet amekubaliwa Aldren.

Alikuja kuniambia mimi kabla ya majirani, amebeba soda na mandazi. Akasema alikuwa hajui aende wapi, na wiki ile yote alikuwa analia, hadi nilipomweleza ukweli kuhusu Wexley. Akasema mbele ya shangazi Victoria kwamba bila mimi angechukua koleo. Shangazi akapiga vigelegele. Nilikula mandazi manne nisiwe na nafasi ya kujibu.

Anaondoka Agosti. Kule kwenye wali. Ameniahidi kunitumia picha ya yule mpishi.

Kisha akafanya jambo baya zaidi, akanionea huruma. Amenipa daftari lake, ili mwakani nami nifanikiwe. Ana mwandiko mzuri, wa mtu asiye na mawazo. Ukurasa wa pili ameandika yote niliyomwambia, na chini yake: Kasimiro ni mtu wa kuaminika.

Niliguswa. Nikalifungua daftari hadi mwisho kwa adabu. Ukurasa wa nyuma amenakili tangazo: vipo vyuo vingine viwili vyenye duru ya pili ya maombi ya mapema, mwisho tarehe tano Januari. Nayo inafunga. Chuo kimoja tu. Sahihi ya mzazi.

Baba Severino hatasaini tena, najua, na nimekubali. Baba Swadiki nimemnyang'anya muhuri kwa mawazo tu, lakini mdomo siwezi kumnyang'anya. Mwalimu Santina naye tumeachana. Shule ya Koboko nayo ina mshauri, mgeni, hajasikia habari za mbuzi.

Nimetafakari sana leo. Nimejifunza kwamba kosa si kuomba viwili. Kosa ni kuchagua baba mwenye simu.

Lako wa Abuku hana simu. Loro fundi baiskeli, yake imevunjika tangu Pasaka. Kesho asubuhi naenda Koboko, nipite na mandazi yaliyobaki. Nina baba wawili ambao bado hawajasaini.