Vitanda Vinaenda Kukaguliwa

Jumatatu, 6 Mei

Mshtuko wa wiki umekuja kabla hata ya uji. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Stanislaus, ametangaza mstarini kwamba Ijumaa madiwani wanakuja. Kamati ya Huduma za Jamii nzima! Wanakuja kukagua bweni la wasichana. Likipita, linafunguliwa. Lisipopita, litaendelea kuwa nyumba ya popo.

Bweni lina kuta. Lina bati. Lina mpaka mapazia. Kitanda hakuna hata kimoja. Mkuu anasema vitanda viko njiani. Mwaka jana pia vilikuwa njiani. Hiyo njia sijui inaanzia wapi.

Hakuna anayelihitaji bweni hili kama mimi. Natoka nyumbani Kitanga alfajiri, giza na ukungu. Mwezi wa tatu nilimkanyaga nyoka nikidhani ni kamba ya ng'ombe. Nilirudi nyumbani mbio, kiatu kimoja nikakiacha hukohuko. Baba akasema basi. Bweni lisipopata kibali kabla shule hazijafungwa, nahamia Murungu kwa masenge Esteri, dada yake, nikamlelee mapacha na kuuza unga wa muhogo. Masomo kwaheri. Na Baba hasemi jambo mara mbili.

Nilitaka kumuuliza Mkuu hivyo vitanda vimefika wapi. Nikanyoosha mkono. Akaniita: ehe, Vestina? Nikajifanya najikuna kichwa. Nimesomea lugha mbili, Kiswahili cha msingi na Kiingereza cha sekondari, na zote mbili hunikimbia mbele za watu.

Jumanne, 7 Mei

Nimepata akili! Kuazima!

Kwetu mgeni akija tunaazima. Viti kwa jirani, vikombe kanisani, hata jogoo wa kuzunguka uani ili tuonekane tunafuga. Hakuna anayeita huo uongo. Ni heshima kwa mgeni. Sasa shule ya ng'ambo ya mto wana vitanda vya chuma, vya deka, kimoja juu ya kingine, na kamati inakwenda kwao wiki ijayo. Tuvichukue Jumatano, tuvirudishe Ijumaa jioni. Madiwani wanapita, bweni linafunguliwa, Murungu wanitafutie mbadala.

Kumwambia Mkuu mwenyewe sikuweza. Nilifika mpaka mlangoni kwake, nikasoma tangazo la chanjo lililobandikwa pale, nikaondoka. Nikamnong'oneza Epifania, dada mkuu, yeye hana haya, anaweza kumsimamisha hata askofu. Nikamwomba anifikishie tu.

Amefikisha. Kama wazo lake! Mkuu amemsifu mbele ya kidato chote, eti binti huyu ana kichwa cha uongozi. Epifania akainamisha macho kama bibi arusi. Halafu akanigeukia na kuniambia eti nisijali, Vesti, wengine tumeumbwa kusema, wengine mmeumbwa kubeba.

Jumatano, 8 Mei

Nimebeba kweli.

Tulivifuata kwa kenta, lori dogo la kaka Nkunzimana, mtoto wa baba mdogo, anayebeba matofali. Wasichana wa ng'ambo walitupakilia wenyewe. Mmoja akauliza na wao watalala wapi. Mwalimu wao akamwambia mkeka haujawahi kumuua mtu. Nikaona aibu. Nikaangalia pembeni mpaka ikapita.

Tulipopanga vitanda bweni likapendeza hadi nikataka kulia. Halafu nikaona. Kila kitanda kina herufi nyeupe za shule yao ubavuni! Kubwa! Kipofu angezisoma kwa vidole.

Kichwa cha uongozi cha Epifania kikazimika. Nikasema polepole: rangi. Ilibaki rangi ya bluu ya mafuta, ya milango. Nikaizimua kwa mafuta ya taa ienee. Tukapaka vitanda vyote, juu hadi chini. Herufi zikapotea. Kaka Nkunzimana akasema Vesti, wewe ungezaliwa mwanamume ungekuwa mwizi wa magari. Nimelichukua kama pongezi.

Alhamisi, 9 Mei

Rangi haijakauka.

Mvua ya mwisho mwisho, ukungu tangu asubuhi, baridi ya kuvaa sweta mbili. Nimegusa kitanda, kidole kimetoka cha bluu. Nimepuliza. Nimepepea kwa daftari la jiografia. Nimefungua madirisha, ukungu ukaingia ndani kukaa na sisi. Yule mtaalamu wa kuzimua rangi alikuwa nani? Mimi.

Mkuu ameagiza mgeni yeyote asiguse kitu. Sijui utamwambiaje mkaguzi asiguse.

Ijumaa, 10 Mei

Mana yanje, Mungu wangu! Lazima niandike.

Walikuja kwa Landikruza. Mwenyekiti wa kamati ni Mheshimiwa Hatungimana, mnene, kaunda suti ya rangi ya krimu iliyopigwa pasi hadi inakata. Pamoja naye diwani wa viti maalumu, Mheshimiwa Niyubahwe, mama mwembamba anayetazama kila kitu kama anakinunua, na wengine waliokuja kwa ajili ya kuku.

Epifania akasoma risala. Nzuri, siwezi kukataa. Akasema sisi wasichana tunalala tukiota bweni. Makofi. Tukaingia bwenini. Mheshimiwa Hatungimana akasifu mapazia. Akasifu vitanda. Kisha akasema anataka kupima uimara, na kabla Mkuu hajamaliza kusema "Mheshimiwa, tafa—" akakaa.

Akakaa kwa uzito wake wote! Akajitikisa! Akasema kitanda ni imara, hongereni. Akasimama. Kaunda suti ya krimu, nyuma mstari wa bluu, mpana kama barabara ya lami.

Shule nzima tuliona, na hakuna aliyesema. Kwaya ikaimba mbele yake, akicheza kidogo, akigeuka, na kila akigeuka sauti ya tatu ilikatika kwa kicheko.

Nikadhani mshtuko umeisha. Wakati wa chakula, Mwenyekiti akasema kwa kuwa jua bado lipo, badala ya wiki ijayo watapita ng'ambo leo leo, maana ni njiani.

Kijiko cha Mkuu kilianguka. Mimi nilikuwa nanawisha wageni mikono. Maji yakamwagikia kiatu cha diwani.

Hapo sijui nani aliniingia mwilini. Sikumnong'oneza Epifania. Nilikwenda mwenyewe kwa Mkuu, nikamwambia sikioni: waongezewe nyama na kwaya irudie zote, sisi tunapakia kwa mlango wa nyuma. Akanitazama kama ameona malaika mwenye pembe. Akatikisa kichwa kukubali. Kwaya ikaanza upya, tangu ubeti wa kwanza.

Tulipakia kama watu wanaookoa vyombo kwenye moto. Nikapanda juu ya vitanda, nivishike visianguke. Kaka Nkunzimana akakata njia ya mkato ya mtoni. Nilikuwa nacheka peke yangu kule juu, upepo usoni. Nilikuwa nimeshinda!

Kenta ikazama kwenye matope. Tairi zote za nyuma. Ikalia, ikazama zaidi.

Na nyuma yetu, taratibu, honi. Landikruza. Kumbe na dereva wao anaijua njia ya mkato.

Wakashuka. Waungwana kweli, hilo sitalisahau. Mheshimiwa Hatungimana akakunja mikono ya kaunda suti na kusema vijana, tusukume, hawa ni wananchi wetu. Kamati nzima ikasukuma! Walishika vitanda, wakasukuma kwa moja-mbili-tatu, na kenta ikatoka. Wote wakajitazama mikono. Bluu. Mikono yote ya kamati ni bluu.

Mheshimiwa Niyubahwe akatazama mikono yake. Akatazama kitanda cha nyuma kabisa, chenye sehemu moja iliyofutika, pana, ya duara. Akatazama makalio ya Mwenyekiti. Akasema bila haraka: "Mwenyekiti, hiki si ndicho ulichokikalia? Nusu yake umeondoka nayo."

Mwenyekiti akajipapasa nyuma. Sijawahi kuona mtu akishtuka kwa awamu. Kwanza mkono, halafu suruali, halafu kitanda, halafu mimi kule juu.

Akauliza: "Binti, mnahama?"

Nilifungua mdomo kutafuta uongo. Haukuja hata mmoja. Ukaja ukweli, wote, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nikasema: "Hapana, shikamoo, Mheshimiwa. Kwetu vimemaliza kukaguliwa. Vinaenda kukaguliwa ng'ambo."

Kaka Nkunzimana akaweka kichwa kwenye usukani. Honi ikalia yenyewe.

Haikuishia hapo. Mheshimiwa Niyubahwe akachukua tambara la dizeli, akafuta ubavu wa kitanda. Zikatokea herufi nyeupe za ng'ambo. Akatikisa kichwa. Kisha akaona nyeupe nayo inabanduka. Akakwangua kwa ufunguo wa gari. Chini yake, njano! Herufi nyingine! Za shule moja ya kule Kibondo, wilaya nyingine kabisa!

Kumbe na ng'ambo waliazima! Wakati wao walipokaguliwa! Na hawakurudisha!

Mwenyekiti ndiye aliyewakagua ng'ambo mara ya kwanza. Akasema, kama anajiuliza mwenyewe, hivi vitanda hivi nimeshavikagua mara ngapi.

Nikadhani anataka jibu. Nikamwambia: "Hii ni ya pili, Mheshimiwa. Tukifika itakuwa ya tatu."

Jumamosi, 11 Mei

Baba amesikia. Kitanga nzima imesikia. Hata muuza mafuta ya mawese ameniita "mkaguzi". Baba hakunipiga. Hakufoka. Alichukua begi langu la nguo, akalipangusa vumbi, akaliweka karibu na mlango. Afadhali angefoka.

Mama akanong'ona kwamba Baba ameshampigia masenge. Nimelia jikoni, nikisingizia moshi.

Jumatatu, 13 Mei

Mshtuko tena, ila huu sikuutegemea.

Mkuu ameitwa halmashauri kujieleza, na mwenzake wa ng'ambo pia. Vitanda vinarudi Kibondo, kwa wenyewe, ambao inasemekana mabinti zao wamelala chini muda wote huo. Nimemkumbuka yule msichana wa mkeka. Leo sikupata pa kuangalia pembeni.

Epifania amewaambia walimu kwamba mpango wote ulikuwa wangu. Wote! Juzi ulipokuwa wa sifa ulikuwa wake! Nikamkabili chini ya mnazi wa bendera, yaani mlingoti, naandika kwa hasira. Akasema mwenzangu, si ulilalamika nimekuibia? Basi nimekurudishia.

Kisha mchana akaja Mheshimiwa Niyubahwe. Peke yake, kwa bodaboda. Aliniita ofisini nikajua nafukuzwa. Akasema ndani ya kamati wamefokeana hadi usiku, na mwishowe wameona aibu kuliko sisi: miaka yote wanakagua, hakuna aliyewahi kuuliza kitanda kimetoka wapi. Fundi wa kuchomelea mjini Kasulu ameshapewa kazi. Vitanda vipya, vyetu na vya ng'ambo. Kimebaki kitu kimoja: tangi la maji. Bila maji hakuna kibali. Wanarudi tarehe ishirini na nne kuangalia.

Akaongeza kwamba ni kwa sababu yangu. Eti siku zote wanasomewa risala, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuwajibu ukweli. Akanisihi niendelee hivyohivyo. Nikaitikia kwa kichwa. Sauti ilikuwa imeshaondoka zake.

Nimemweleza Baba. Akasema sawa, hadi hiyo tarehe. Lakini begi halikutoka mlangoni.

Naapa hapa, kwa mkono wangu: siazimi tena. Hata kalamu.

Jumapili, 19 Mei

Mkuu ameandika kuomba tangi. Wamemjibu fedha ni za mwezi wa saba. Mwezi wa saba! Mimi mwezi wa saba nitakuwa na pacha mgongoni na pacha mbele!

Nimekwenda misa nikiwa nimevunjika moyo kabisa. Nikapiga magoti. Nikainua macho. Dirishani, nyuma ya sakristia, tangi la plastiki. Jeusi. Jipya. Tupu, maana bomba la parokia limekatika. Tangi tupu ni jepesi, watu wanne wanalibeba. Na padri ametangaza kwamba tarehe ishirini na nne atakuwa Manyovu kwenye kipaimara.

Huku si kuazima. Kuazima ni kuomba. Mimi siombi mtu.

Shida ni moja. Mheshimiwa Niyubahwe lazima atafungua bomba kuona maji yanatoka. Nimelifikiria hilo wakati wa mahubiri yote. Atakaa mtu ndani ya tangi na ndoo ya maji, akisikia bomba linafunguliwa anamimina taratibu.

Mdomo wa tangi si mpana sana. Lakini Epifania ni mwembamba.