Turbo au Pumzi ya Kuzaliwa

Gerson alikuwa amekaa pale pa kuoshea magari, Ipagala, akitafuna muwa, alipomsikia mama mmoja akilalamika kwamba kigari chake cheupe hukata roho kila kikipanda milima ya Kibakwe. Gerson akautupa muwa. Wengine husikia wito wakiwa kanisani. Yeye aliusikia hapo hapo, katikati ya povu la sabuni.

Gerson hakuwa na gereji. Alikuwa na ovaroli safi, mdomo mtamu, na Subaru ya buluu yenye turbo ya kweli iliyolia fyuuu kila alipokanyaga mafuta. Wateja aliwapandisha humo wakapigwa na upepo mpaka wakalainika. Kisha aliyachukua magari yao na kuyachomelea filimbi ndani ya bomba la moshi. Gari likikimbia linapiga mluzi, mwenye gari anatabasamu, na Gerson keshabadilisha laini ya simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Gari lako lina pumu."

Yule mama alijitambulisha kwa jina la Restuta, mtumishi wa ofisi fulani ya serikali. Akatoa daftari kwenye mkoba. "Dawa yake?"

"Ziko mbili. Ya kwanza turbo. Moshi badala ya kutoka bure unazungusha feni, na feni inaisukumia injini hewa kwa nguvu. Ni kama kumsukuma mtu mgongoni akipanda mlima. Milioni moja na nusu. Ya pili, tunaiacha injini ivute pumzi yake ya kuzaliwa, ila tunaipanulia njia: tunasafisha koo, tunafungua kifua. Laki sita."

Yote hayo yalikuwa kweli. Gerson alipenda kuanza na ukweli ili mdomo upate moto. Waliochagua pumzi ya kuzaliwa aliwapulizia vumbi litoke kwenye chujio la hewa na kuwabandikia stika nyekundu. Hao aliwapenda zaidi, maana filimbi ina gharama.

"Sasa nichague ipi?"

"Ile utakayoipenda mwenyewe, mama."

Hapo ndipo alipokosea. Jumatatu Restuta aliipenda turbo. Jumanne alikuwa amesikia kwamba turbo inakunywa mafuta, akaipenda pumzi ya kuzaliwa. Jumatano akauliza kama haiwezekani kuweka turbo mbele na pumzi nyuma. Kila siku Gerson alimzungusha kwa Subaru, kila siku akamnunulia chipsi mayai na soda, na kila siku Restuta akaandika.

Alhamisi akaja na sura ya huzuni.

"Nimeongea na mume wangu. Thomas anasema tuweke turbo, na si kwenye hiki tu, hata kwenye magari yake mawili ya kusombea alizeti. Ila ni mbishi yule! Anataka kwanza aishike turbo kwa mkono wake. Nami nitaitoa wapi? Labda tuache tu."

Hilo neno "tuache" lilimchoma Gerson ubavuni. Milioni nne na nusu, kwa filimbi tatu za elfu mbili mbili!

"Mama, usiache. Mpelekee hii yangu."

"Hapana jamani, nitakusumbua."

"Usumbufu gani kwa mama yangu?"

"Basi nikuachie gari langu kama dhamana. Naondoka na basi, kesho saa nne nipo hapa."

Gerson aliifungua turbo ya Subaru mwenyewe, jua la saa saba likimpiga kisogoni. Akaungua vidole viwili, akaiosha kwa petroli, akaifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Restuta akaipakata vizuri. Gerson alipunga mkono mpaka basi likapotea.

Kesho yake saa nne hakuja Restuta. Alikuja bwana mmoja mpole aitwaye Anyitike, akakizunguka kigari cheupe mara mbili akikagua mikwaruzo.

"Kaka, ahsante kwa kulitunza. Siku zake za kukodi zimeisha leo."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe ni mimi."

Siku tatu alizunguka akiiulizia turbo yake. Polisi hakuweza kwenda, maana huko wangemuuliza kazi yake. Siku ya nne akaelekezwa duka moja la vipuri vilivyotumika, huko Kongwa. Akapanda basi, akashuka, akauliza, akaingia. Nyuma ya kaunta, ndani ya ovaroli safi kuliko yake, alikuwa amesimama Restuta.

"Shikamoo," Gerson akajikuta anasema. Alilelewa vizuri, hilo tusimnyime.

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, imeuzwa jana."

"Mama, umeniibia!"

"Basi twende polisi. Nitabeba daftari, maneno yako yote yamo humo. Na Joha atabeba filimbi uliyomchomelea. Joha wa Ipagala, unamkumbuka? Ni mdogo wangu."

Gerson akakaa juu ya tairi.

Restuta akamtazama, akacheka kidogo. "Nimeuza vipuri miaka kumi na tisa, sijawahi kuelezwa habari za turbo nikazielewa kama ulivyonieleza wewe. Jumatano ile nilikuja kukusikiliza tu, kwa raha zangu. Baki hapa uuze. Vitu vya kweli, kwa bei ya kweli. Na mshahara wa kweli upo."

Gerson hakuwa na nauli ya kurudi. Akaingia nyuma ya kaunta.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu aitwaye Masudi, ambaye gari lake lilikuwa nje likitetemeka kama lina homa. Alitaka turbo, na hela anazo. Gerson aliuona mfuko ulivyotuna. Alimwona pia Restuta akimkazia macho kutoka kwenye rafu. Akasema kwa shida kama mtu anayeng'olewa jino:

"Mwalimu, gari lako halihitaji turbo. Badilisha plagi na chujio la hewa. Elfu arobaini, basi."

Masudi alimtazama kuanzia juu hadi chini, akaisukuma hela ndani kabisa ya mfuko, akamgeukia Restuta.

"Mama, huyu tapeli umemtoa wapi?"